Kupita, Kusimama, Kushika

Juzi fundi aliyekuja kunipakia geti rangi alifungua kopo la tapentaini, na kabla sijajua kinachonipata nilikuwa nimeshamkasirikia Nabwire. Nabwire mwenyewe hakuwepo. Yuko kwake Sigalame, ana wajukuu na magoti mabovu kama yangu, na hajanikosea lolote kwa miaka mingi. Lakini pua haina adabu. Harufu ile ilipanda, ikanirudisha uani kwetu Malaba, kwenye mlango mzee uliolazwa juu ya mapipa mawili, na wivu ukaamka pale pale nilipouacha umelala, mzima, na meno yake yote.

Wewe uliyekua enzi zetu utanielewa. Watoto wa siku hizi huulizwa wanajisikiaje. Sisi tulijisikia peke yetu, nyuma ya jikoni, na ukichelewa kurudi ulikuta ugali umeliwa.

Baba alikuwa fundi wa rangi. Hakupaka nyumba, alipaka malori. Malori yalijipanga Malaba kungoja karatasi za kuvuka, na dereva aliyekaa mahali pamoja muda mrefu huanza kuona jinsi gari lake lilivyochakaa. Ndipo anapokumbuka kwamba nyuma ya duka la sukari kuna mzee anayechora simba. Waliingia uani kwetu wakinyoosha migongo, na Baba aliandika jina la tajiri mlangoni, akachora ua hapa, ndege pale, na nyuma msemo wowote ambao dereva ameona unamfaa. Uani palinuka glosi, thina na tapentaini siku zote. Baba alinawa kwa tapentaini kabla ya kunawa kwa maji, na akinishika shavu nilikwenda shule nikinuka lori jipya.

Alikuwa amezigawa kazi zote za rangi duniani katika madaraja matatu. Ya kwanza aliiita kazi ya kupita. Lori likipita, mtu aliyesimama kando ya mtaro analiona mara moja tu, kwa hiyo herufi ziwe kubwa, zisomeke, basi. Ukianza kuhesabu nywele za masharubu ya simba unajisumbua. Ya pili ni kazi ya kusimama, kama ukuta wa duka. Pale mtu amesimama akingoja kupimiwa sukari, macho yake hayana kazi, na macho yasiyo na kazi hukagua. Ya tatu ni kazi ya kushika, ile ambayo mtu ataichukua mkononi, ataigeuza, ataisogeza mpaka puani, na bado haimwaibishi aliyeipaka. Hiyo ya tatu, Baba alisema, haina ujanja. Yeye mwenyewe alikiri amefanya chache sana maishani.

Ungeniuliza mimi ningekwambia hayo yalikuwa maneno ya malori tu, mpaka wale askari walipokuja.

Walikuja ule wakati familia za Wahindi zilipokuwa zikifukuzwa ng'ambo ya mpaka na kuvukia kwetu, masanduku yamefungwa juu ya magari na akina mama wamebeba redio mapajani. Gari la familia moja lilivunjika ekseli karibu na kwetu. Makanika wa jirani alilitengeneza huku wao wakingoja uani kwetu, na Mama akawapikia chai, akawapa katika vikombe vya wageni. Walipokuwa wakiondoka, yule baba alimpa Baba sanduku la kadibodi, akasema mtoto wake amekubali. Mtoto mwenyewe, mvulana wa rika langu, hakuonekana kama amekubali.

Ndani kulikuwa na askari wadogo wa madini ya risasi, wazito, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Karibu wote walikuwa watupu, rangi ya kijivu kama walivyotoka kwenye kalibu. Mmoja tu, mpiga ngoma, alikuwa amepakwa. Baba alimwinua juani, akamgeuza. Askari yule alikuwa na vifungo kwenye koti. Alikuwa na kucha. Kamba za ngoma zilikuwa na kivuli chake kila moja, na jicho, ambalo halikuzidi mbegu ya mtama, lilikuwa na weupe wake na weusi wake.

"Huyu," Baba akasema mwishowe, "ni wa kushika."

Basi tukaanza. Tulipokea askari watupu kwa zamu, mimi na watoto wa jirani, na Baba akatupa masalia ya rangi kwenye vizibo. Brashi tulitengeneza wenyewe kwa nywele za mkia wa mbuzi, na macho tuliyatia kwa mwiba. Etyang', mtoto wa mwangalizi wa njia ya reli, ndiye aliyetunga sheria za vita, kwa sababu alikuwa na sauti ya kipenga na hakuna aliyeweza kumshinda kwa kelele. Mlango mzee ulikuwa nchi. Kitambaa cha buluu kilikuwa mto, na magunzi ya mahindi yalikuwa maboma. Ulirusha vizibo vya soda, na kila kilichoangukia meno juu kilikuwa risasi. Na sheria iliyotia moto mambo yote ilikuwa hii: daraja la rangi ndilo uhai wa askari. Askari wa kupita akipigwa mara moja ameanguka. Wa kusimama anavumilia ya kwanza. Wa kushika akianguka anainuka tena kesho yake. Na wa kuamua nani ni wa daraja gani alikuwa Baba, ambaye jioni alinawa mikono, akakaa kwenye kibao chake, akapokea askari mmoja mmoja na kumgeuza juani.

Nilikuwa mtoto wa hakimu, na nilijua kabisa nitakuwa jemadari.

Ndipo Nabwire alipokuja. Mama yake alikuwa dada ya Baba, ameolewa Sigalame. Alifariki mvua za masika, na baba yake alikuwa amevuka zamani kutafuta kazi Jinja na habari zake zikakatika. Wakubwa walikwenda mazishini, sisi tukabaki, na waliporudi walikuwa na msichana mmoja mwembamba aliyeshika kifurushi chake kwa mikono miwili kama anaogopa kitamwagika. Niliambiwa nimkaribishe. Nilimkaribisha. Nilimwonyesha choo, kisima na mbwa wa jirani anayeuma, na nikadhani kazi yangu imekwisha.

Jioni Mama alimpa chai katika kikombe cha wageni.

Nataka uelewe habari ya hivyo vikombe. Vilikuwa vya udongo mweupe, vina ua jekundu, na vilikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni. Mimi nilikunywa katika kikombe cha bati cha buluu chenye ukingo uliobanduka, na nilikuwa nimeshachapwa kwa kukigusa tu kile chenye ua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa sote. Siku ya tatu ikafika, kikombe kikawa ni kile kile. Mwezi ukaisha, na Nabwire bado anakunywa uani akiwa ameshika ua jekundu kwa vidole vyote kumi. Jembe sikuliona.

Na mkono wake ulikuwa mzuri. Hili nalisema kwa shida mpaka leo. Baba alimpa askari mtupu ajifurahishe, ili asikae akiwaza, na Nabwire aliinamia kazi ile mchana mzima. Alipomleta, koti lilikuwa jekundu safi, halikuvuja kwenye suruali, na mkanda ulinyooka. Kwa haki alikuwa wa kusimama, mzuri wa kusimama. Kivuli hakikuwemo na uso ulikuwa mtupu kama sahani. Lakini Baba alimgeuza mara moja tu.

"Vizuri sana, mwiwa wangu," akasema. Mwiwa kwetu ni mtoto wa dada. "Huyu ni wa kushika."

Akainuka, akaingia sebuleni, akamweka ndani ya kabati la vioo, kando ya vikombe.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni na wangu mkononi. Baba akamchukua, akamsogeza machoni, akamrudisha mbali, akamsogeza tena. Kisha akanirudishia. Aliniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, huyu amepita tu. Angalia hapa kwa kwapa, rangi imekusanyika kama uji. Rudia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku hiyo, jioni baada ya jioni. Wake, vizuri sana, kabatini. Wangu, rudia. Kofia imekaa kama sufuria, rudia. Mguu huu umepaka na huu je, umesahau ana miwili? Rudia. Akanichukua mkono, akanionyesha jinsi ya kuzimua rangi nyeusi kwa tapentaini mpaka iwe maji, uiachie iteremke yenyewe kwenye mikunjo ya koti, ikae humo, ndipo upandishe rangi angavu kwenye matuta. Akanionyesha jinsi ya kushusha pumzi kabla ya kutia jicho. Nilifuta, nikapaka, nikafuta, vidole vikababuka kwa tapentaini. Leo naona yale yalikuwa mafunzo, na kwamba aliketi na mimi hata malori yakangoja. Wakati ule sikusikia mafunzo. Nilisikia rudia tu, na nilihesabu ya kwamba baba yangu amenichoka.

Wivu wa mtoto hauna pa kwenda. Mkubwa akiona wivu atasengenya, atahama kanisa, ataongeza chumba kwenye nyumba. Mimi nilikuwa na ua ule ule wa nyumba, na mkeka mmoja niliolala na Nabwire ubavu kwa ubavu. Nilimchukia hata alivyokunja nguo. Nilichukia kwamba hakuringa, maana angeringa ningepata la kusema. Jumapili tulipopanga vita, askari wake hawakushuka kabatini; Mama alisema ni wazuri mno, watavunjika. Kwa hiyo Nabwire alikuwa na jeshi bora kuliko yeyote Malaba na hakupigana hata mara moja. Alikaa kwenye tairi kuukuu akituokotea vizibo vilivyoanguka chini. Mimi nilimwona amekaa kama bibi harusi, anatazama wapagazi wakitokwa jasho. Niliwaambia wenzangu anatudharau, na Etyang' alikubali upesi, kwa sababu angependa kuwateka wale askari.

Ndani ya sanduku alikuwa amebaki mmoja ambaye hakuna aliyepewa. Alikuwa afande wa farasi. Farasi ameinua mguu mmoja, afande amechomoa upanga, na uso wake umegeuka kidogo kama ameitwa jina. Baba alisema huyo atapakwa na mtoto atakayekuwa amefika, na kabla ya Krismasi atasema ni nani. Sidhani kama nimewahi kutaka kitu hivyo tena, na nimetaka mengi, hata mume wa mtu nilimtaka kwa muda mfupi. Nilipanga rangi zake kichwani nikiwa darasani. Farasi kahawia, kwato nyeusi zenye mstari mwembamba wa kijivu. Koti la buluu lenye kivuli. Nilifanya mazoezi ya macho kwenye maharagwe, mpaka Mama akauliza mbona maharagwe yanamtazama.

Na askari wangu wa mwisho, Baba alimgeuza muda mrefu. Aliguna. Akasema kifungo kimoja kimepinda, lakini hakusema rudia. Nilishika pumzi siku nzima iliyofuata.

Jioni hiyo alimpa Nabwire afande wa farasi.

Alimpa tu, mbele yetu wote, akisema mwiwa wangu, huyu ni wako. Sikulia. Nilikwenda nyuma ya jikoni nikalipiga teke rundo la kuni, nikaumia kidole, na kidole ndicho nilichokililia, ili nisimpe mtu sababu. Nabwire alimpokea yule afande kwa mikono miwili, vile vile alivyoshika kifurushi siku aliyokuja. Hakuonekana mwenye furaha. Niliona hiyo ni dharau ya mwisho.

Alikaa naye siku nyingi. Alifanya kazi kando ya ukuta, mgongo kwetu, na hakuruhusu mtu kuona. Siku aliyomleta nilikuwa wa kwanza kusogea, na nilipoona niliganda. Jicho moja lilikuwa mahali pake, la pili lilikuwa shavuni. Koti lilivuja mpaka kwenye tandiko. Upanga ulikuwa kijani. Kwato za farasi zilikuwa za manjano, manjano ya kung'aa, ile ya herufi za malori. Hata mtoto wa Etyang' wa kunyonya, kama Etyang' angekuwa na mtoto, asingefanya vile. Na mkono wa Nabwire niliujua.

Baba alimchukua. Akamgeuza. Nabwire alimtazama usoni bila kupepesa, nami nikangoja, moyo wangu unaruka kwa furaha mbaya.

"Vizuri sana, mwiwa wangu," Baba akasema polepole. Akainuka, akampeleka kabatini.

Nabwire akatoka mbio. Nilimkuta nyuma ya jikoni, penye kuni zangu, analia mpaka mabega yanatetemeka. Na mimi, katika akili yangu yote ya miaka ile, nilielewa kwamba analia kwa furaha, kama wanawake wanavyolia harusini. Nikasema moyoni, sasa hata takataka yake inapendwa kuliko kazi yangu.

Jumapili ile hatukupigana vita. Nilingoja wenzangu wajipange kwenye ule mlango wa vita, Baba akiwa kwenye kibao chake na dereva mmoja akingoja rangi ya bodi la lori lake ikauke. Kisha nikaingia sebuleni, nikafungua kabati nisiloruhusiwa kufungua, nikamtoa afande wa farasi, nikaja nikamweka kwenye kiganja cha Baba.

"Baba, huyu ni wa kushika?"

Baba alinitazama mimi, si yule askari. Nilijua kuna kiboko kinaningoja, na niliona ni halali yake.

"Rudisha hiyo kitu," akasema.

"Nimeuliza tu. Wangu ulisema kifungo kimepinda. Huyu jicho liko kwa shavu."

Dereva akasogea, akachungulia. "Mzee," akasema taratibu, "hata mimi naiona hiyo jicho."

Nilimgeukia Nabwire nimwone akiaibika. Alikuwa ameinuka kwenye tairi, vizibo vimejaa kwenye sketi yake. Alivimwaga chini vyote.

"Mjomba, asichapwe," akasema. "Anasema ukweli. Mimi nilimpaka vibaya nikijua."

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Nilitaka uniambie rudia. Mimi huniambiangi."

Nilisikia treni ikishunti kule stesheni, mabehewa yakigongana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Baba Taaka," akasema, na Taaka ni mimi, "mtoto amechoka kuwa mgeni."

Baba akamtazama yule afande. Alimgeuza juani kama alivyogeuza wangu, akamsogeza, akamrudisha mbali.

"Jicho limeshuka."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na hii kwato. Farasi alikanyaga unga ya njano?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Koti hakuna kivuli. Hiyo si makosa yako, hiyo sijakufundisha." Akashusha pumzi kama mtu anayetaka kutia jicho. "Rudia."

Nabwire akatabasamu. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake yote. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, na kwa miezi yote ile tuliyolala mkeka mmoja sikujua.

Nilikuwa nimeshinda. Kazi yake ilikuwa imeitwa mbovu mbele ya watu, na dereva shahidi. Nilisimama pale nikingoja furaha ije, nayo haikuja. Baba akavuta kibao cha pili. Akamkalisha Nabwire kando yake, akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akamshika kidole, akamwonyesha jinsi ya kufuta kwenye mikunjo bila kuacha rangi imejificha. Harufu ikajaa uani. Dereva aliambiwa angoje. Baba alikuwa anasema, hapana, si hivyo, si hivyo, wewe msichana husikii, na Nabwire alikuwa anasema ndiyo, ndiyo. Ndipo nilipojua nimeibiwa nini. Lile neno lilikuwa langu. Nililichukia, lilinibabua vidole, lakini lilikuwa langu peke yangu uani kote, na nilikuwa nimelitoa kabatini mwenyewe na kulitia mkononi mwake.

Tulipokuwa tukiosha vyombo Mama alinieleza. Kule mazishini, nyanya yangu alikuwa amemshika Baba mkono mbele ya kaburi, akamwambia mwiwa hakaripiwi. Ukimfokea, mama yake atageuka huko aliko. Na majirani nao walikuwa wameshaanza kutazama, kwa sababu mtoto wa marehemu akilia, watu hawaulizi analilia nini. Baba alikuwa amemwogopa Nabwire tangu siku aliyokuja, Mama alisema. Mtu mzima na misuli yake, anaogopa msichana mwenye kifurushi.

Niliuliza kama basi ni mimi ambaye Baba hanipendi, au vipi. Mama alinitazama kama aliyesikia mbuzi akiongea. "Wewe?" akasema. "Wewe anakusumbua kwa sababu wewe ni wake. Sugua hiyo sufuria."

Kisha akamimina chai. Mimi nilipata kikombe cha bati cheupe, kilichokuwa cha kuchotea maji. Kile cha buluu chenye ukingo uliobanduka, changu tangu nimeota meno, Mama alimpa Nabwire. Nabwire alikishika kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka gotini, akanywa kwa sauti, sruuu, kama mtu wa nyumbani. Nilinuna mpaka nikakataa viazi vitamu. Hakuna aliyenibembeleza, na Nabwire alivila vyote.

Hakuondoka tena Baba akiwa hai. Afande wa farasi alipakwa, akafutwa, akapakwa, na siku moja Etyang' akamwangusha vitani, akavunjika upanga, na wala hakuwa amefika daraja la kushika. Baba alisema labda la kusimama, ukisimama mbali kidogo. Mimi nilisoma, nikaolewa upande wa Adungosi. Nabwire alibaki na brashi. Yeye ndiye aliyepaka malori na Baba mpaka mkono wa Baba ulipoanza kutetemeka, na baadaye alipaka peke yake huku Baba amekaa kwenye kibao, akiangalia. Nilipokuja kuwasalimia niliwasikia tangu barabarani. Si hivyo. Husikii. Rudia. Na mimi, mama wa watoto, nikiwa na sukari na mkate mkononi, nilisimama langoni kwanza mpaka roho itulie.

Baba alifia hospitalini Kocholia, mzee sana. Tulimuuguza kwa zamu, mimi na Nabwire, na mwishoni hakuwa akisema tena. Asubuhi moja nilitoka kumtafutia maziwa. Niliporudi, Nabwire alikuwa ameketi kando ya kitanda, anacheka na machozi yanamtoka. Alisema alikuwa akitandika shuka, na kona moja ikakaa vibaya. Baba alifumbua macho, akaitazama ile kona, na akasema neno moja, wazi kabisa. Hakusema lingine mpaka jioni, alipotuacha.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya maziwa.

Kwa hiyo juzi, geti langu likiwa nusu nyekundu na fundi akiniuliza kama iko sawa, nilichukua simu nikampigia Nabwire. Nilimwambia hapa kwangu kunanuka tapentaini.

"Bado una wivu," akasema.

Nilimwambia mimi niliambiwa rudia mara nyingi kuliko yeye, tangu kabla hajaja na kifurushi chake. Alisema inawezekana, hatagombana na mimi, lakini ya mwisho ilikuwa yake. Nikamwambia ile kona ya shuka aliiharibu makusudi.

Alicheka mpaka akakohoa, wala hakukana.